Kabla Hujashika Filimbi: Cheti cha Kwanza cha Ukocha kwa Mwanatriathloni wa Ridhaa

Ikiwa una kazi yako ya kila siku, na kabla ya kazi hiyo unaogelea alfajiri, Jumamosi unapanda baiskeli na Jumapili unakimbia, basi wewe ni mwanatriathloni wa ridhaa, na huenda tayari yupo mtu aliyekuomba umfundishe. Ukocha katika vikundi vyetu vingi huanza hivyo hivyo. Mmoja anawazidi wenzake kidogo kwa ujuzi, wenzake wanaanza kumfuata, na miezi sita baadaye anaitwa kocha bila mtu yeyote kukaa akaamua hivyo. Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuipita njia rasmi, yaani kuchukua cheti cha ngazi ya kwanza. Nitaeleza kozi hizo hupatikana wapi, kinachofundishwa humo ni nini, ujiandae vipi na ufanye nini ukisharudi. Lakini yote nitakayosema yanasimama juu ya hoja moja: kozi ya kwanza haikufundishi triathloni, inakufundisha kumtazama mtu mwingine. Anayeingia akitafuta mbinu za kupunguza muda wake mwenyewe ataona amepoteza siku zake. Anayeingia akiwa tayari kuusahau mwili wake kwa siku chache atatoka na kitu ambacho miaka kumi ya mazoezi haiwezi kumpa.

Triathloni ni mchezo mchanga. Mashindano ya kwanza yaliyobeba jina hilo yalifanyika Mission Bay, San Diego, Septemba 1974, yakiwa na washiriki 46. Michezo ya Olimpiki iliupokea Sydney mwaka 2000 kwa umbali ambao hadi leo huitwa wa Olimpiki: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, kukimbia kilomita 10. Jirani yetu Rwanda, mjini Rubavu kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, aliandaa mashindano yake ya kwanza ya Ironman 70.3 mwaka 2022, ambayo ni kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Kwa kuwa mchezo ni mchanga, wengi wanaujia wakiwa watu wazima, kila mmoja akitokea kwenye mchezo wake wa zamani. Katika kikundi cha watu wanane utamkuta kijana aliyekulia pwani, anaogelea bila kufikiri lakini hajawahi kubadili gia. Mwalimu aliyekimbia mbio za nyika tangu shuleni lakini hajawahi kuzamisha uso majini. Na mama wa miaka arobaini na mitano mwenye pumzi nzuri na goti linalomsumbua. Wewe ni mmoja wa hao, na ulichonacho ni kumbukumbu ya jinsi mwili mmoja ulivyoitikia mazoezi, wenye umri wake, usingizi wake na kazi yake. Ukiwapa wengine ratiba iliyokufaa wewe, wawili huenda wakafaidika, watatu wakachoka, na mmoja akaumia.

Hili si la kudhania tu. Wakimbiaji wengi wamelelewa na kanuni kwamba usiongeze mazoezi zaidi ya asilimia kumi kwa wiki, na wengi wako tayari kuapa kwamba ndiyo iliyowaokoa na majeraha. Watafiti wa Uholanzi waliipima kanuni hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Waliwachukua watu 532 wanaoanza kukimbia wakawagawa makundi mawili: moja likaongeza mazoezi polepole kwa wiki 13 likifuata asilimia kumi, jingine likafuata ratiba ya kawaida ya wiki 8. Walioumia katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 20.8, na katika kundi la pili asilimia 20.3. Hakukuwa na tofauti ya maana. Usisome hapo kwamba kuongeza mazoezi kiholela ni salama, kwa sababu utafiti haukusema hivyo. Soma kwamba kanuni inayoonekana imethibitishwa na maisha yako yote ya kukimbia inaweza kuwalinda wengine kwa kiasi kidogo sana kuliko unavyoamini, na kwamba mtu mmoja kati ya watano alipata jeraha hata ratiba ilipopangwa kwa uangalifu. Kocha anayeitegemea kanuni peke yake haoni mguu unaoanza kuburuzwa. Kocha anayetazama anauona, na anauliza.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi, nao unahusu maji. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa matukio 135 ya vifo na ya moyo kusimama ghafla katika mashindano ya triathloni nchini mwao kuanzia mwaka 1985 hadi 2016. Matukio 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Wastani wa umri wa waathirika ulikaribia miaka 47, wengi mno walikuwa wanaume, na kati ya wale ambao uzoefu wao ulijulikana, karibu asilimia arobaini walikuwa wakishindana triathloni kwa mara ya kwanza. Yatazame maelezo hayo vizuri: mwanamume wa makamo, mgeni katika mchezo, aliyeingia majini na umati. Ndiye hasa mtu atakayekufuata wewe. Tena hao walipatwa katika mashindano yenye waokoaji na mashua. Mazoezi yetu ya Jumamosi ufukweni mara nyingi hayana mwokoaji wala mashua, yana kocha tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya asilimia tisini kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo sehemu ya kozi inayohusu usalama, ile ambayo wanafunzi wengi huiona ya kuchosha na kuingojea iishe, ndiyo ningekusihi uifungulie daftari jipya.

Katika sehemu hiyo utafundishwa kuandika tathmini ya hatari kabla ya kila kipindi. Fomu yenyewe inaweza kuwa imeandikwa kwa ajili ya ziwa la Ulaya lenye maji baridi, na ni juu yako kuijaza kwa maji yako. Bahari yetu ina mahitaji yake. Mombasa na Dar es Salaam, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, hivyo sehemu iliyokufika kifuani saa moja asubuhi huenda saa nne ikawa mwamba mtupu, na katikati ya saa hizo mkondo wa maji yanayopwa unaweza kumvuta mtu kuelekea mlangoni mwa bahari. Panga kuogelea maji yanapokaribia kujaa au yanapokuwa yametulia, na wanaoanza uwapeleke siku za maji mafu. Kusi ikivuma, ufukwe uliokuwa salama mwezi Februari unabadilika. Katika Ziwa Victoria utakutana na mambo mengine: kichocho, ambacho huwapata watu kwenye maji ya ukingoni yenye konokono, na katika baadhi ya ghuba viboko na mamba. Mvuvi wa hapo anajua kuliko kitabu chochote cha kozi, kwa hiyo kumuuliza ni sehemu ya kazi yako ya ukocha. Kisha kuna jambo dogo kuliko yote, nalo ni kuhesabu. Kabla ya kuingia majini kila mtu avae kofia ya rangi inayoonekana, nawe uhesabu kofia kwa sauti: nane. Mkifika kwenye boya, hesabu tena: nane. Mkitoka, uwahesabu wakiwa wamesimama mchangani, si wakiwa njiani kutoka: nane. Ukipata saba, kipindi kimekwisha, na hakuna jambo jingine duniani mpaka wa nane aonekane.

Sasa tuone kumtazama mtu kuna maana gani katika kufundisha kwenyewe, tukichukua mfano wa pumzi. Mtu mzima anayejifunza mtindo huru kwa kawaida anaziba pumzi uso ukiwa majini, kisha akigeuza kichwa anajaribu kutoa na kuvuta hewa kwa mara moja. Baada ya mita kumi na tano mapafu yamejaa hewa iliyochoka, miguu inazama, kichwa kinainuka, naye anasema, "Sina pumzi." Mwanariadha mwenye kasi asiyejua kufundisha atamwambia aongeze mazoezi ya pumzi. Aliyefundishwa kutazama ataangalia mapovu: je, yanatoka uso ukiwa chini? Kama hayatoki, tatizo halimo kifuani. Atamsimamisha kwenye maji ya kiunoni, amshikishe ukingo wa bwawa, amwambie apulize maji kana kwamba anapoza uji wa moto, aufanye uso wa maji uchemke, kisha ageuze shavu moja tu na kuiacha hewa iingie yenyewe. Huenda dakika kumi zikapita bila mtu kuogelea hata mita moja, na hicho ndicho kipindi kizuri.

Hata namna ya kutoa maelekezo imepimwa. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa mashine inayoiga mwendo wa kuteleza kwenye theluji. Wanafunzi walioambiwa waweke fikra kwenye magurudumu ya jukwaa lililokuwa chini yao walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao, na majaribio mengi ya baadaye katika michezo mingine yameelekea huko huko. Ndiyo maana "fanya maji yachemke" ni elekezo zuri kuliko "legeza misuli ya kifua," na kwenye baiskeli "tazama pale unapotaka kutokea" linamsaidia mtu kwenye kona kuliko orodha ya mabega, viwiko na nyonga. Mwanariadha anajijua kwa ndani, kwa hisia za misuli yake, na ndivyo anavyopenda kueleza. Kozi itakulazimisha utafute maneno yanayomwonyesha mwenzako kitu kilicho nje ya mwili wake. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Kozi zenyewe zinapatikana wapi? Shirikisho la kimataifa, lililoanzishwa Avignon mwaka 1989 na tangu 2020 likiitwa World Triathlon, lina mfumo wa vyeti wa ngazi tatu: ya kwanza kwa wanaofundisha wanaoanza na vijana, ya pili kwa wanaofundisha washindani, ya tatu kwa makocha wa kiwango cha juu. Njia ya kuzifikia hupitia shirikisho au chama cha taifa, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujulikana na chama: jiunge, lipa ada ya uanachama, jitolee kwenye mashindano, acha jina lako liwe kwenye orodha kabla ya kozi kutangazwa. Kozi nyingi za ukocha katika nchi zetu hugharimiwa kwa msaada wa mfuko wa Olympic Solidarity kupitia kamati za Olimpiki za mataifa, na nafasi zake ni chache, hivyo fuatilia pia matangazo ya kamati ya nchi yako. Kama kozi ya triathloni haionekani karibuni, usikae bure. World Athletics ina kozi ya ngazi ya kwanza ya ukocha wa riadha, na Nairobi kuna kituo chake cha maendeleo cha kanda. Tanzania kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, na Kenya kuna Kenya Academy of Sports pale Kasarani. Na kama ni lazima uchague mchezo mmoja kati ya mitatu uanze nao, maoni yangu hayana mashaka: chagua ualimu wa kuogelea na uokoaji. Kosa la mkimbiaji humpa maumivu ya mguu. Kosa la majini halina nafasi ya pili.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi cheti hicho kitakuruhusu kufanya nini. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi cheti cha ngazi ya kwanza cha triathloni kilimruhusu mwenye nacho kusaidia tu, chini ya usimamizi wa kocha wa ngazi ya pili. Kupanga na kuendesha vipindi peke yake kulimngoja kwenye ngazi hiyo ya pili. Mifumo hutofautiana na hubadilika, lakini roho ya ngazi ya kwanza ni ile ile kila mahali: ni ruhusa ya kujifunza kazi mbele ya mtu anayeijua. Kuna wanaotoka kozini Jumapili, na Jumatatu wanatangaza ratiba za kuuza mtandaoni zenye nembo ya cheti chao. Ukifanya hivyo unauza kitu ambacho hujafundishwa. Uliza pia kama cheti kina muda wa kuisha, kama kinakuja na bima au ni lazima uitafute mwenyewe, kama huduma ya kwanza imo ndani au ni sharti la kuingilia, na ni vipindi vingapi vya kusaidia vinavyotakiwa kabla ya kupewa karatasi ya mwisho.

Kuna pingamizi tatu ambazo zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza husema ukocha mkubwa wa ukanda huu haukutokana na vyeti, na mfano unaotajwa ni Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland aliyefika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia bila historia yoyote ya ukocha wa riadha, na ambaye mwanafunzi wake David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012. Mfano ni wa kweli na nauheshimu. Lakini utazame kwa karibu. Alianza kwa kumsaidia Pete Foster, mwalimu mwenzake pale shuleni aliyekuwa akisimamia riadha, na kazi ikamwangukia Foster alipoondoka. Alikuwa tayari mwalimu kwa taaluma, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kujua nani darasani hajaelewa. Na kati ya kufika kwake na rekodi ile ilipita miaka 36 ya kusimama kando ya uwanja akitazama vijana. Kila kitu ambacho ngazi ya kwanza inajaribu kuanzisha, yaani kusaidia kwanza, kufundisha kama mwalimu, kutazama kwa muda mrefu, yeye alikuwa nacho. Cheti hakimtengenezi kocha, hilo nakubali. Kinampa asiye na Foster wa kumshika mkono mahali pa kuanzia.

Pingamizi ya pili ni ya mtu mnyenyekevu: "Mimi si mwepesi, nani atanisikiliza?" Hiyo naijibu kwa ufupi. Kozi ya ngazi ya kwanza haikupimi kwa saa, inakupima kwa jinsi unavyoendesha kipindi, na anayeanza hahitaji mtu wa kumpita. Aliyepata shida kujifunza kuogelea akiwa na miaka thelathini anakumbuka hofu ile, wakati aliyejifunza akiwa na miaka mitano hajui kama kuna cha kuhofia. Ya tatu inasema siku hizi programu za simu hutoa ratiba bure, zikasoma na mapigo ya moyo. Ni kweli, na kwa mtu mwenye uzoefu zinasaidia. Lakini programu haijui kwamba mwanafunzi wako alilala kwa saa nne tu kwa sababu ya mtoto mgonjwa, haioni kofia yake ya baiskeli ikining'inia nyuma ya kichwa na kuacha paji wazi, na haisimami ufukweni ikihesabu.

Ukishapata nafasi, jiandae wiki kadhaa kabla. Chukua mafunzo ya huduma ya kwanza kama hujawahi, na kama umewahi, yarudie: kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hadi sita, ni jambo ambalo mikono husahau. Aliyezama mwili wake umekosa hewa, ndiyo maana miongozo ya Ulaya hutaka uanze kwa kumpulizia pumzi tano kabla ya kukandamiza kifua. Kisha nenda ukatazame vipindi vitatu vya kocha yeyote mzuri, hata wa mpira wa miguu au wa netiboli, bila kushiriki. Andika jambo moja tu: alisema maneno mangapi kabla wachezaji hawajaanza kusogea? Mwisho, chukua ujuzi unaoufanya vizuri bila kufikiri, kwa mfano kushuka kwenye baiskeli kabla ya mstari na kuingia eneo la mpito ukikimbia, ujaribu kuuandika hatua kwa hatua kwa ajili ya mtu asiyeujua. Utagundua kwamba mikono na miguu yako inajua mambo ambayo kalamu yako haiyajui, na ugunduzi huo ni bora uupate nyumbani kuliko mbele ya mtahini.

Kozini penyewe, siku ni chache na zimejaa: saa za darasani, saa za bwawani na barabarani, na zamu ya kila mmoja kuwafundisha wenzake huku akipimwa. Zamu ikikufikia, usichague mchezo wako bora ili upendeze. Chagua ule unaokupa taabu kuueleza, kwa kuwa hapo una mkufunzi wa kukurekebisha, na nyumbani hutakuwa naye. Panga kipindi kifupi chenye lengo moja. Onyesha kitendo kwanza, sema kidogo, waache wafanye, tazama kutoka pembe mbili, kisha toa elekezo moja tu. Wenye uzoefu wa kushindana huona makosa sita kwa mpigo na kuyasema yote sita. Mwanafunzi hubaki na sifuri. Na usimeze kila kitu kilichoandikwa kwenye kitabu cha kozi. Nadharia kwamba watu wamegawanyika kuwa wa kujifunza kwa macho, kwa masikio na kwa vitendo, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia yake, imezunguka kwenye kozi nyingi za ukocha, lakini wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler waliipitia mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuitumia. Kila mwanafunzi anafaidika kuona, kusikia na kufanya. Kuuliza "tunajuaje hili?" kwa adabu hakumvunjii mkufunzi heshima.

Ukirudi, kazi ndiyo inaanza. Mwombe kocha mwenye ngazi ya juu akupokee kama msaidizi, na uwe na daftari la vipindi: tarehe, waliohudhuria, lengo, kilichotokea, utakachobadilisha. Ukisimamia baiskeli, usianze kabla ya kugusa breki zote, kubonyeza matairi na kuhakikisha kila kofia imefungwa kidevuni. Chagua barabara na saa ambazo malori na bodaboda bado ni machache. Kuhusu joto la pwani, jifunze dalili moja kuliko zote: mwanariadha anayeanza kuyumba na kujibu maneno yasiyoeleweka huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40. Mpooze kwanza, kwa kumzamisha kwenye beseni kubwa au kumwagia maji mengi mfululizo huku akipepewa, wakati gari linatafutwa. Usimpakie akiwa moto. Wala usiwahimize watu wanywe maji kupita kiu: kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa baada ya Boston Marathon ya 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu, na kilichohusishwa nao zaidi kilikuwa kunywa kupita kiasi.

Ukifundisha watoto, sheria inakuhusu, iwe Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 au ile ya Kenya ya 2022. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi, usibaki peke yako na mtoto chumba cha kubadilishia nguo, usimpige picha akiwa na nguo za kuogelea bila ruhusa, na ujue mapema utampigia nani simu ukiona dalili za kuonewa. Kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa nazo humhesabu kocha kuwa mmoja wa watu wanaowajibika, kwa hiyo usipendekeze kidonge wala unga wowote usiojua kilichomo. Fikiria pia ni nani hawaji kwenye kikundi chako, na kwa nini. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea kwa kutumia walimu wanawake wa hapo hapo na mavazi yanayofunika mwili mzima, na wasichana ambao hapo awali bahari ilikuwa yao kwa kuitazama tu wakaingia majini. Hakuna aliyebadilisha maji. Walibadilisha mwalimu na vazi, baada ya kuwatazama wale waliokuwa wamesimama pembeni.

Kozi ikitangazwa, omba. Lakini huna haja ya kuingoja ili uanze. Jumamosi hii, kabla kikundi chako hakijaingia majini, mwambie anayekiongoza kwamba leo hutaogelea, utabaki ufukweni, na kazi ya kuhesabu kofia akuachie wewe.